Sweta Lenye Mkono Mwekundu

Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, tena kwenye kiwiko, maana hadithi hii imekuja na kikohozi chake na haihitaji cha kuazima. Wakubwa kwa wadogo wanaruhusiwa kusikiliza. Sharti ni moja tu: hapa hatoki mtu kabla hajajibu.

Palikuwa na wauguzi wanafunzi watatu, wa mwaka wa mwisho, waliopelekwa kujifunza kazi katika zahanati ya Ilungulu, juu kabisa kwenye vilima vya Njombe, mahali ambapo mwezi wa saba viazi huamka asubuhi vimevaa barafu. Msimuliaji wenu aliwahi kufika pande zile amevaa shati la mikono mifupi. Wenyeji walimpa blanketi na uji, na mpaka leo wanamkumbuka kama mgonjwa.

Wa kwanza aliitwa Lusungu Mbilinyi, naye alikuwa na jicho. Akiingia chumbani, kitu cha kwanza kukiona ni kile ambacho hakijakaa mahali pake. Wenzake hawakupenda kupika naye, kwa sababu aliweza kusimama mlangoni akaliona jiwe kwenye mchele wa mwenzake.

Wa pili, Nehemia Ngole, alikuwa na sikio. Umri wake thelathini na moja, miguu mirefu isiyojua pa kujikunja jikoni mwa watu, lakini alijua kukaa. Angekaa kimya akimenya viazi na mwenye nyumba, na kabla ya sufuria kuchemka mwenye nyumba angekuwa amemwambia jambo ambalo hajamwambia hata padri.

Wa tatu, Sekela Mwaipopo wa Tukuyu, alikuwa na mdomo. Watoto walimfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mahindi. Ubaya wa mdomo ule ni kwamba haukujua kunyamaza hata wakati wa maombi.

Na aliyewafundisha ni Sista Kandida Mlowe. Ni sista wa hospitali, si wa konventi. Ana wajukuu sita wa kuthibitisha. Miaka ishirini na tisa alikuwa amevaa nguo nyeupe, na kipaji chake kilikuwa huruma. Hadithi hii inamfuata yeye, kwa hiyo mtazameni vizuri.

Sista Kandida aliwaambia siku ya kwanza: "Muuguzi wa afya ya msingi ana milango mitatu ya kuingilia. Mlango wa kliniki, mlango wa nyumba na mlango wa darasa. Mtu yuleyule utamkuta kwenye kila mlango akiwa na sura nyingine. Lusungu, wewe watoto wa kliniki. Nehemia, familia. Sekela, shule. Baada ya miezi mitatu mtabadilishana."

"Na nikikuta kuna mbwa kwenye huo mlango wangu, Sista?" Nehemia akauliza.

"Utamsalimia. Ilungulu mbwa nao wanaitika kamwene."

Wakacheka. Kisha Sista akaacha kucheka, akawapa sheria yake.

"Jina la mgonjwa linabaki pale ulipolipata. Mkija kwangu Ijumaa kuleta taarifa, mtasema mtoto mmoja, mama mmoja, mzee mmoja. Sitaki kusikia jina hata humu ndani."

Kwa haki, kazi yao haikudai ukali wa namna hiyo. Wanaomhudumia mgonjwa mmoja wanaruhusiwa kuambizana. Lakini zamani muuguzi mmoja kijana alidondosha jina moja tu kwenye bomba la maji, akiwa anangoja ndoo yake ijae, na kabla ya juma kwisha bibi harusi alirudishwa kwao na mahari ikadaiwa. Muuguzi huyo alikuwa Kandida mwenyewe. Tangu siku hiyo alifunga mdomo wake, na kila aliyemfundisha akamfunga vivyo hivyo.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo. Mtoto hupimwa uzito akiwa na nguo nyepesi, au hana kabisa. Kila muuguzi analijua hilo. Ila Ilungulu, kuanzia mwezi wa nne hadi wa nane, Sista Kandida aliwaacha akina mama wawaning'inize watoto kwenye mizani na masweta yao. "Baridi hii," alikuwa akisema, "utamvuaje mtoto wa mwenzio?" Akina mama walimpenda kwa hilo.

Sasa twende kwenye mlango wa kliniki.

Juma la kwanza, Jumatano, Lusungu alisimama mbele ya foleni akasema watoto wavuliwe.

"Nesi, umetumwa kutuulia watoto?" mama mmoja akauliza.

"Huyu wa wapi huyu? Wa Dar es Salaam?"

"Wa hapahapa Njombe, mama, na baridi hii nimezaliwa nayo. Nimewasha jiko pembeni ya dirisha. Mvue, nimpime, umrudishie. Hesabu mpaka kumi tu."

"Mpaka kumi ya nani? Yako au yangu?"

Foleni ikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Akina mama watano wakaondoka wakinung'unika. Wa sita alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane, amefungwa mablanketi mawili, na juu yake sweta la kijani lenye mkono mmoja mwekundu. Ule mkono mwekundu ulikuwa umefumwa kombo, mrefu kuliko mwenzake. Kwenye kadi, uzito wake ulikuwa umepanda kidogo kidogo tangu mwezi wa nne: kilo kumi, kumi na robo, kumi na nusu. Mtoto mzuri, kadi ilisema.

Lusungu akamvua. Mbavu zikahesabika. Akampima: kilo tisa na kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Akazitia zile nguo peke yake kwenye mizani, na mshale ukaenda mpaka kilo moja na robo. Alichokiona kikipanda kwenye kadi miezi yote ile yalikuwa masweta. Baridi ilivyozidi, mama aliongeza nguo. Mtoto ndani yake alikuwa akipungua.

Haya, mlango wa nyumba.

Nehemia alitumwa kukagua choo, maji na chandarua, kaya kwa kaya. Katika nyumba moja alimkuta Mzee Mgaya ameketi kitandani na sindano mbili na uzi mwekundu, anafuma.

"Kamwene, babu."

"Kamwene. Wewe ndiye muuguzi mwanamume? Wanawake wamewaishia huko chuoni?"

"Wapo, babu. Lakini hawakutaka kuja kwako, wamesikia unafuma vizuri kuliko wao."

Mzee akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kikohozi, naye akakikaba kooni kama mtu anayemkaba mwizi. Nehemia akavuta kigoda, akachukua bonge la uzi, akaanza kulikunjua. Siku hiyo hakuuliza swali. Akarudi kesho yake, akakaa tena. Ndipo mzee alipoanza.

Mkewe alifariki mwaka jana akiwa anamfumia mjukuu sweta, mkono mmoja umebaki. Uzi wa kijani ulikuwa umekwisha. Mzee alijifundisha kufuma kwa uzi mwekundu ili aumalizie mkono ule, na hakuweza kuacha tena. Na desturi ya huko mnaijua: mtoto akiachishwa ziwa huhamia kitanda cha babu na bibi, ampashe mzee joto, mzee ampashe hadithi. Tangu mwezi wa nne mjukuu alikuwa analala kwake.

"Na hiki kifua, babu?"

"Kifua cha baridi."

"Tangu lini?"

Mzee akautazama mlango. "Wewe ni mjukuu au ni mpelelezi?"

"Mjukuu."

"Basi mjukuu anatunza maneno ya babu yake. Kaka yangu alikuwa nacho, kile kikubwa. Wakamjengea kibanda nje. Kikombe chake kikatundikwa kwenye msumari peke yake, mpaka siku tuliyomzika. Nikisema, watamwondoa mtoto kitandani. Na mimi nitalala na nani?"

Nehemia akamsihi aje kupimwa, akamwambia siku hizi dawa ipo na inaponya. Akamsihi mtoto arudi kwa mama yake. Mzee akaitikia yote mawili haraka mno, kwa sharti kwamba mjukuu wake asimtaje kwa mtu. Nehemia akaahidi. Mzee mmoja akaahidi uongo, kijana mmoja akaahidi kweli.

Ijumaa ile wakaketi na chai chumbani kwa Sista Kandida. Lusungu akasema: mtoto mmoja anapungua, kadi imedanganywa na masweta. Sista akainamisha kichwa, kwa kuwa alijua ni nani aliyeyaruhusu masweta yale. Akasema wampe mama mafunzo ya uji wa karanga, dawa ya minyoo, na amrudishe mtoto baada ya juma moja. Nehemia akasema: mzee mmoja anakohoa, analala na mjukuu, ameniomba nisimtaje.

"Mtoto ahamishwe leo."

"Amekubali, Sista."

"Na mzee mshawishi polepole. Mtu mzima hasukumwi." Akawaangalia kwa fahari. "Mmeona? Hakuna jina hata moja lililotoka. Mmeiva."

Mambo mawili ya nyumba moja yalikuwa juu ya meza moja, kati ya birika na sahani ya maandazi, na Sista akayasifia kwa kuwa hayakujuana.

Upo mlango wa tatu. Kwenye ratiba ya shule Sekela alikuwa na somo moja: kunawa mikono. Mwalimu Mkuu alikuwa ameliandika kwa mkono wake na kulipigia mstari. Lakini Jumanne ya juma la pili maji hayakutoka, na Sekela mbele ya darasa la tatu bila maji hawezi kunyamaza. Akawaambia wacheze mchezo wa kukohoa: kila mmoja aigize kikohozi cha mtu anayemjua, wengine wataje ni nani.

Mmoja akakohoa kama mwenyekiti wa kijiji kabla hajaanza mkutano. Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwingine akakohoa kama Mwalimu Mkuu anapokaribia darasa lenye kelele, na wote kwa mazoea wakakaa wima.

Kisha akasimama msichana wa miaka tisa, Osmunda, mwenye kofia nyekundu ya kufuma. Akakohoa mara tatu, taratibu, kutoka chini kabisa. Akatoa kitambaa kwenye mkono wa sweta, akajifuta mdomo. Akakifungua, akakiangalia. Akakikunja mara nne, akakificha chini ya paja. Halafu akawatazama wenzake mmoja mmoja na kutabasamu, tabasamu la mtu mzima.

Darasa halikucheka. Hakuna aliyetaja jina.

Wakati wa mapumziko Sekela akachuchumaa mbele yake. "Osmunda, kile kitambaa huwa kina nini?"

"Rangi, nesi."

"Rangi gani, mama yangu?"

Mtoto akainua kidole, akaigusa kofia yake.

Sekela akakimbilia ofisini. Mwalimu Mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nesi, ulikuja kufundisha kunawa mikono. Mambo ya majumbani mwa watu yana wenyewe." Basi Sekela, ambaye hajawahi kunyamaza, akanyamaza siku tatu. Sheria ya Sista na ukali wa Mwalimu Mkuu vilikuwa vimemshika kila kimoja upande wake.

Ijumaa ya pili ikafika. Chai ikamiminwa. Sekela akaanza: mwanafunzi mmoja ameigiza kikohozi chenye damu, wala si chake. Sista Kandida akaweka kikombe chini. Kabla hajasema neno, Lusungu akadakia, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Yule mtoto wangu amerudi leo. Uji anapewa, mama yake haongopi, nimemwona akimlisha. Amepungua tena nusu kilo. Anapumua kama ametoka mbioni. Nimemvua lile sweta lake, Sista, la kijani lenye mkono mmoja mwekundu, na..."

"Mwekundu?" Sekela akasema. "Huyu wangu ana kofia nyekundu. Alisema babu yake ndiye aliyeifuma."

Wakamgeukia Nehemia. Kadi ya kliniki haikuandika nyumba, na watoto wa shule walikuwa wametawanyika; yeye ndiye aliyeingia nyumba zote. Kikombe chake kilikuwa hewani, hakijafika mdomoni wala hakijarudi mezani.

"Nehemia," Sista akasema, "kuna babu anayefuma kwa uzi mwekundu. Ni nyumba gani?"

"Nimeahidi, Sista."

"Nimekuuliza nyumba gani."

"Na wewe ndiye uliyetufundisha!"

Sista Kandida akasikia bomba la maji la miaka ile likichuruzika. Akaiona ndoo inajaa. Kila alichotaka kusema kilikuwa kinapingana na jambo alilolisema juma lililopita, na juma lile lote mtoto alikuwa akiliishi na kikohozi usoni mwake.

Nehemia akasimama. Akalitwaa daftari la kaya kwenye kabati, akalifungua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Hakutamka kitu. Kidole kile hakikuondoka.

Ilikuwa saa nane mchana. Wakaenda wote wanne kwa miguu, Sista mbele, na mwanamke yule wa miaka hamsini na saba hakupitwa na mtu kwenye mlima ule. Walimkuta Mzee Mgaya kitandani. Kando yake, ndani ya blanketi, palikuwa na kishimo kidogo cha mtoto anayelala pale. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni kwa mama yake, anaitwa Gaudensi, na mama alikuwa bado hajafungua hata fundo la kanga tangu atoke kliniki. Mama huyo, ndiye pia Mama Osmunda, hakuwa amejua habari ya damu. Alikuwa anafua vitambaa alivyoletewa, na kimoja hakuwahi kuletewa.

Mzee aliwatazama wale watatu wa kwanza kuingia. Alipomwona Nehemia akiinama mlangoni kwa urefu wake, akasema neno moja tu.

"Mjukuu."

Hakumsemesha tena.

Jioni ileile wakawafikisha babu, mtoto, mama na Osmunda kwenye kituo cha afya, na daktari alikuwa na maswali matatu. Uzito umekwendaje? Lusungu akamwekea mezani kadi, na pembeni yake karatasi ya uzito wa nguo. Nyumbani kuna anayekohoa, na analala wapi? Nehemia akajibu. Kikohozi kina damu? Sekela akajibu, na nyuma yake Osmunda akatikisa kichwa kukubali.

Makohozi ya mzee yalipopimwa, ilikuwa kifua kikuu. Mtoto akaanzishiwa dawa siku ileile.

Daktari akamwita Sista Kandida pembeni. "Mngeniletea jibu moja, ningempa dawa ya minyoo. Majibu mawili, ningesema mrudisheni baada ya mwezi, tuone. Mwezi huo asingeufikisha, Sista. Hawa wanafunzi ni wako?"

"Ni wangu."

"Umewafundisha vizuri."

Sista aliomba maji ya kunywa.

Gaudensi akaanza kunenepa. Juma la tatu akalia kwa nguvu kwenye mizani, na Lusungu akasema hajawahi kusikia wimbo mzuri kama ule. Mama na Osmunda wakapimwa pia, walikuwa wazima. Mzee Mgaya alimeza dawa zake kila asubuhi kutoka mkononi mwa Lusungu, au mkononi mwa Sekela. Ikiwa zamu ni ya Nehemia, aligeukia ukutani mpaka wabadilishane. Lakini alikuwa amechelewa mno. Juma la saba akafariki. Nehemia alichimba kaburi pamoja na wanaume wa kijiji, na hakutoka shimoni kupumzika mpaka walipomwambia limetosha.

Mwezi ule ukaja waraka kutoka wilayani. Ilungulu imepewa nafasi moja ya masomo: miaka miwili ya uuguzi wa mtoto, familia na shule, kisha kurudi kuajiriwa palepale. Msimamizi ajaze jina moja, la yule ambaye kazi yake imeokoa maisha, na aeleze kwa ufupi. Fomu ichukuliwe na gari la chanjo Jumatatu. Nafasi isiyojazwa itapelekwa kwingine.

Hakuna kati ya wale watatu asiyeihitaji nafasi hiyo. Sista Kandida alikataa kabisa kuanza na shida zao. "Nikianza na nani ana shida," alijiambia, "nitakuwa nimeandaa mashindano ya kulia." Akawaita mmoja mmoja.

"Ungekuwa mimi, ungeandika nani?"

Lusungu akajibu bila kupepesa. "Mimi, Sista. Sitakudanganya. Pasipo mtu kumvua yule mtoto, kikohozi cha babu kingekuwa kikohozi cha babu tu, na mchezo wa Osmunda ungekuwa mchezo. Kila kitu kilianzia pale nilipotukanwa na akina mama wa foleni nzima. Wengine walitembea juu ya kitu nilichokiona."

Sekela alikaa, akasimama, akakaa tena. "Mimi nilinyamaza siku tatu, Sista. Mimi! Lakini damu niliileta mimi. Lusungu alileta uzito, na uzito una sababu mia. Nehemia alileta kikohozi, na baridi hii kila mzee anakohoa. Damu ina sababu ngapi?" Akafuta macho kwa hasira. "Usiniulize tena, nitajitaja."

Nehemia alisimama karibu na mlango. "Yeyote, isipokuwa mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa siku nane nilijua babu anakohoa, nikaliamini neno lake kwamba mtoto amehama. Sikuinua blanketi nikaangalia. Na baadaye nikavunja neno langu. Yaani nimeshindwa pande zote mbili."

"Hukuvunja. Hukutamka kitu."

"Sista," Nehemia akasema kwa upole, "kidole nacho ni mdomo. Babu alilijua hilo."

Akaenda zake, na Sista Kandida akabaki na jambo ambalo wale watatu, kwa heshima yao, hawakulisema. Nehemia ndiye aliyelipa zaidi ya wote, kwa kuwa wenzake walitoa walichokipata, na yeye akatoa alichokwisha kumpa mtu mwingine. Bila kidole kile, jicho la Lusungu na mdomo wa Sekela vingezunguka Ilungulu nzima vikitafuta uzi mwekundu. Lakini je, ukimzawadia mtu kwa kuvunja ahadi, kesho babu gani atamfungulia muuguzi mlango?

Mama Osmunda naye alikuja, amembeba Gaudensi. Sista akamwuliza, kwa mzunguko, amshukuru nani.

"Sekela," akasema mara moja. "Alimwuliza mwanangu. Mimi mama yake nafua vitambaa kila siku, sikumwuliza." Kisha akafikiri. "Ila mwambie yule mrefu aje kunywa chai. Baba alimkasirikia, mimi sikumkasirikia. Mwambie hivyo."

Jumatatu ikafika. Sista Kandida ameketi mbele ya fomu, kalamu mkononi, na nafasi ile ya jina ni nyeupe kama barafu ya viazi. Kwenye maelezo anajua pa kuanzia. Anajua pia kwamba yakiandikwa kikamilifu, yataanza na masweta aliyoyaruhusu kwa huruma, yataendelea na majina aliyoyafunga kwa huruma, na yatamfikia mzee ambaye yeye Sista alisema asisukumwe, kwa huruma vilevile. Wilaya ikisoma hayo, huenda isimpe mwanafunzi mwingine tena, na huenda nafasi hii nayo ikaenda kwingine pamoja na wale watatu. Akiandika nusu, fomu itapita vizuri, na juma lijalo muuguzi mwingine mahali pengine atampima mtoto na sweta lake.

Lusungu aliona. Nehemia alisikia, akavunja neno. Sekela aliuliza. Mtoto ni mmoja, nafasi ni moja, na yeyote kati ya watatu angeondolewa, kaburi lingekuwa dogo kuliko lile alilolichimba Nehemia.

Nje, dereva wa gari la chanjo amekwisha kupakia makasha yake ya baridi. Amepiga honi mara mbili. Ni mtu mwenye subira, lakini barafu ya kwenye makasha haina.

Haya, ninyi mlioketi hapa na chai yenu, ambao hamjamvua mtoto wa mtu kwenye baridi wala hamjaahidi neno kwa mzee. Kalamu ninawaachia ninyi, kwa sababu msimuliaji ameijaza fomu hii mara nyingi kichwani na kila mara ameichana. Mngeandika jina la nani? Na kwenye yale maelezo, mngeanzia wapi?